Kilichokuwa Ndani ya Tangi

Baba mkwe wangu alipofariki aliacha mjane, nyumba pale Mirongo karibu na mto, na lori kuukuu la kubebea pamba. Nyumba ilitusitiri, lakini lori ndilo lililotulisha. Msimu wa pamba ulipofika lilikwenda Kisesa na Magu kuchukua mizigo kwenye maghala ya ushirika na kuipeleka kwenye kinu cha kuchambulia. Msimu ukiisha lilibeba mtama, mbao, dagaa, na mara nyingine maharusi. Watu wa mtaani walilitambua kwa mngurumo wake kabla halijakata kona.

Mimi nilikuwa nimeolewa na mtoto wake wa kwanza. Nimezaliwa Nansio, ng'ambo ya maji, binti wa mvuvi. Mume wangu alikuwa akifanya kazi melini, kwa hiyo leo yuko Bukoba, kesho Kisumu, na nyumbani tulibaki mimi na mama mkwe. Nilikuwa nikishona. Cherehani yangu ilikaa barazani, na ilipokorofisha niliifungua mwenyewe, nikatandaza vipande juu ya mkeka na kuvitazama kimoja kimoja mpaka nijue kinachokwama ni kipi. Mama mkwe alikuwa akinicheka. "Mwanangu," aliniambia, "siku moja utaifungua na saa ya msikitini."

Dereva wa lori alikuwa Msukuma wa makamo, mrefu, mpole, aliyejifunza kuendesha magari katika vita vya dunia kule Bama. Alikuwa amefanya kazi na baba mkwe tangu arudi kutoka huko, na walikuwa wameishi kama ndugu. Mimi nilimwita baba mdogo. Mama mkwe alimwita shemeji, naye alimwita mama mkwe "mayu", yaani mama, kwa desturi ya kwao.

Muda wote wa eda lori lilisimama uani. Mama mkwe hakutaka liguswe. Alivaa nguo zake nyeupe, akakaa ndani, na lori likakaa nje chini ya mvua na jua, kuku wakilala chini yake. Eda ilipokwisha, alioga, akabadili nguo, akamwita dereva na kumwambia, "Shemeji, haya. Liwashe twende tukatafute riziki."

Liliwaka. Baba mdogo alizungusha hendeli kidogo tu na injini ikaitika, na sisi wanawake uani tukapiga vigelegele. Lakini siku hiyohiyo lilizimika kwenye kilima kabla ya Kisesa. Likakohoa, likakohoa tena, likanyamaza. Baba mdogo alifungua boneti, akatazama, hakuona kitu. Akavuta sigara, akapumzika, akajaribu tena, na likawaka kama halijawahi kusumbua. Siku ya pili likamfanyia vilevile. Ikawa ndiyo tabia yake. Lilitembea vizuri kabisa, kisha mahali fulani, hasa penye mwinuko, likafa. Ukiliacha likapumzika, likafufuka.

Mafundi walilishughulikia kwa moyo wao wote. Fundi mmoja wa Igogo alibadilisha plagi na kusafisha kabureta. Akafungua mabomba ya petroli, akayapuliza, akayakuta safi. Fundi wa Kihindi wa mjini, ambaye baba mkwe alimwamini kuliko wote, aliweka koili nyingine na waya mpya. Alifungua hata parafujo ya chini ya tangi akamwaga petroli yote kwenye debe, nayo ilitoka safi kama maji ya chemchemi. Kila mmoja alifanya kazi ya kweli. Kila mmoja aliliendesha mpaka Nyakato na kurudi, likamwitikia vizuri, na kila mmoja akaturudishia akisema limepona. Likifika kilimani, linazima.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mwanzoni yalisemwa sokoni, kisha kisimani, mwishowe yakavuka ua wetu. Ilisemwa kwamba marehemu amelikataza lori lake. Kwamba mjane alikuwa na haraka, alilirudisha kazini udongo wa kaburi haujakauka. Jirani mmoja alikuja na uso wa huruma akamshauri mama mkwe amwombe mumewe msamaha. Mama mkwe alimjibu kwa adabu, akamsindikiza mpaka mlangoni, kisha akarudi akaketi chini kando ya jiko mpaka wali ukaungua.

Alisomesha hitma. Alichinja mbuzi. Lori likazimika tena wiki hiyohiyo, likiwa na mzigo wa mtama wa watu. Nilimwona akianza kukonda. Usiku nilimsikia akizungumza peke yake chumbani kwa sauti ndogo, na nilijua anazungumza na nani, kwa maana alikuwa akimwita kwa jina la utani ambalo hakuwahi kulitumia mbele yetu.

Ulikuwa ndio mwaka wa uhuru. Mji mzima ulikuwa na hekaheka, watu wakipaka nyumba zao chokaa, wanawake wa mtaa wetu wakinipangia foleni barazani wakitaka magauni na mashati ya watoto ya sherehe. Mama yake mama mkwe alikuwa mtu wa Kisesa, na huko mama mkwe alikuwa na mjomba wake, mzee aliyeongoza kundi la wacheza bugobogobo, wale wanaocheza na majembe, wanayarusha juu na kuyadaka bila kuacha mdundo. Kundi lake lilikuwa limealikwa kucheza mjini siku ya uhuru. Na mama mkwe, wakati mumewe bado mzima, alikuwa amemwahidi mjomba kwamba lori la nyumbani kwake ndilo litakalowaleta.

Mwezi wa Novemba mfanyabiashara mmoja wa mjini akaja kututaka tumuuzie lori alikate vipande kwa ajili ya vipuri. Mama mkwe aliomba muda wa kufikiri. Asubuhi iliyofuata, mvua ikinyesha, aliniita.

"Mwanangu, nenda Kisesa na baba yako mdogo. Mwambieni mjomba atafute gari lingine. Mwambieni nimeshindwa."

"Mama, tungengoja kidogo," nikasema.

"Tungoje nini? Nitawapakia wazee na wanawake humo ndani, lizimike kilimani, mji mzima unicheke? Nenda. Mkirudi nitamwita yule mtu aje alichukue."

Tukaondoka mimi na baba mdogo. Nilijifunika kanga mbili na bado nilihisi baridi, kwa kuwa dirisha la upande wangu halikufungika. Mvua ilikuwa ya namna ile inayoanguka polepole bila upepo, na ziwa nyuma yetu lilikuwa na rangi moja na mbingu. Baba mdogo alikuwa akiendesha kama mtu anayempeleka ng'ombe wake mnadani.

Tulipopita Igoma lilikuwa likienda vizuri. Kilima kabla ya Kisesa kikaanza, akabadili gia, na katikati ya mwinuko likakohoa. Nikamtazama. Likakohoa mara ya pili, likapungukiwa nguvu, likawa kama linavutwa nyuma, kisha likanyamaza. Tukasikia mvua tu juu ya paa.

"Ndilo hilo," akasema.

"Baba mdogo," nikamwuliza, "si mnasema ni joto?"

"Ndivyo tunavyodhani. Likipoa linawaka."

"Leo kuna joto gani?"

Alinigeukia. Akaweka kiganja juu ya kioo cha mbele, kilichokuwa kimejaa ukungu wa baridi.

Nikaendelea kuuliza, kwa sababu ndivyo nilivyozoea kuiuliza cherehani. Nilitaka kujua linakufaje. Je, linakata ghafla, au linakufa taratibu? Alifikiri. Akasema vitani waliwafundisha jambo hilo. Moto wa plagi ukikatika, injini inazima ghafla kama taa iliyopulizwa. Petroli ikikosekana, inafifia kama taa inayoishiwa mafuta.

"Na hili?"

"Linafifia," akasema polepole. "Siku zote linafifia."

"Basi linakosa petroli."

"Lakini petroli imo, binti yangu. Nimeipima asubuhi kwa kijiti."

"Imo ndani ya tangi. Tujue kama imefika kwenye injini."

Tulishuka kwenye mvua. Akafungua boneti, nami nikamshikilia turubai juu ya kichwa chake. Kwenye pampu ya petroli palikuwa na kikombe kidogo cha kioo ambacho petroli hupitia ili uchafu ubaki chini yake. Baba mdogo alipangusa kioo kwa kidole gumba. Kilikuwa kitupu. Chini kabisa palibaki tone, basi. Pembeni ya pampu palikuwa na kiwiko cha kuvutia petroli kwa mkono. Akakisukuma mara nyingi. Kikombe hakikupata kitu.

"Sijawahi kukitazama hapohapo," akasema. "Siku zote nilikuwa nakwenda kwanza kuvuta sigara."

"Na mafundi?"

"Kwa mafundi hakuna kilima. Halijawahi kuzima mbele yao."

Alitaka kwenda kukaa ndani lipumzike kama kawaida. Nikamshika mkono. Wazo lilikuwa limenijia, na niliogopa likinyamazishwa litaondoka. Kama bomba lingekuwa limeziba kwa uchafu, lingebaki limeziba, lisingejifungua lenyewe kwa sababu dereva anavuta sigara. Hiki kilikuwa kinaziba kikiachia, kinaziba kikiachia. Kitu kinachofanya hivyo ni kitu kinachotembea. Kinavutwa, kinabana. Injini ikizima, hakivutwi tena, basi kinaanguka.

Nilimweleza hivyo, kwa maneno mabaya zaidi ya haya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua spana, akafungua bomba mahali linapoingia kwenye pampu, akalikunja kidogo kuelekea kwangu.

"Mimi kifua changu kibovu," akasema. "Pulizia humo. Usivute, nakuomba. Puliza tu."

Nikapangusa ncha ya bomba kwa kanga, nikaiweka mdomoni. Ilikuwa na ladha chungu, kali, iliyonifanya nitokwe na machozi. Nikapuliza. Pumzi haikwenda. Ilikuwa kama kupuliza chupa iliyofungwa. Nikajaza mashavu, nikapuliza kwa nguvu zangu zote, na ghafla mbele ya pumzi yangu kitu kikaachia. Nilikihisi kwa midomo. Na kule nyuma, ndani ya tangi, tukasikia petroli ikitokota, bwa bwa bwa, kama uji.

Baba mdogo alipiga kelele kwa Kisukuma, sijui alisema nini. Akafunga bomba upesi, akasukuma kiwiko, na kile kikombe cha kioo kikajaa mbele ya macho yetu. Akakimbilia hendeli. Lori likawaka palepale, kwenye mvua, katikati ya kilima, bila kupumzika hata kidogo. Nilikuwa nimelowa, nimechafuka mafuta mpaka kwenye nyusi, mdomo wote unawaka kwa petroli, na nilikuwa nacheka peke yangu barabarani kama mwendawazimu.

"Kimo ndani ya tangi," nikamwambia nilipopanda.

"Kimo ndani ya tangi," akaitikia. Akarudia tena na tena mpaka tukafika Kisesa.

Mjomba alitupokea kwenye baraza ya nyumba yake. Nilipiga goti nikamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," akauliza habari za Mirongo, akaagiza tuletewe uji wa moto. Uani vijana na wanawake walikuwa wakifanya mazoezi chini ya paa la nyasi, majembe yakipanda na kushuka. Kisha akaniuliza nimeleta ujumbe gani.

Baba mdogo aliinamisha kichwa akatazama kibuyu chake cha uji. Mimi ndiye niliyetumwa. Niliyajua maneno niliyopewa, yalikuwa mdomoni, yamechanganyika na ile ladha ya petroli. Nikayameza.

"Mama anakusalimu sana," nikasema. "Anauliza mko wangapi, ili tujue kama majembe yatatosha kulala juu ya paa au tuyafunge pembeni."

Mzee alicheka akasema wako wengi, tusihangaike, majembe wataketi nayo mapajani. Tulipotoka nje baba mdogo alinitazama kwa jicho la pembeni.

"Umeniingiza vitani tena, binti yangu," akasema.

Tulirudi mjini kwa namna hiyo. Lilizimika mara nyingine kwenye mwinuko mbele ya Igoma, tukashuka, nikapuliza, likawaka. Mara hii sikusikia uchungu wa petroli. Ningeweza kulipuliza mpaka Nairobi.

Kwa mama mkwe haikuwa rahisi. Nilipomwambia sikufikisha ujumbe, alisimama na mwiko mkononi, uso umebadilika.

"Nimekutuma neno moja."

"Ndiyo, Mama."

"Nawe ukaenda ukasema lako."

"Nisamehe, Mama. Lakini lori si bovu. Kuna kitu ndani ya tangi. Nimekihisi kwa mdomo wangu."

"Tangi limemwagwa! Fundi amelimwaga mbele yangu!"

"Lilimwagwa kwa tundu la parafujo, na tundu lile ni dogo kama kidole. Kitu kikubwa hakiwezi kutoka humo. Kinabaki ndani, petroli inatoka safi. Na walipopuliza mabomba walikisukuma kando bila kujua, wakaona bomba ni zima."

Aliuweka mwiko chini. Kisha akasema kitu ambacho nadhani alikuwa amekibeba kwa miezi yote ile. "Na kama hakuna kitu? Na kama mkifungua mkaliona tupu? Hapo nitajua kwa hakika kwamba ni yeye."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Usingizi ulinikimbia.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika na jua limewaka kali. Mama mkwe mwenyewe alizima jiko, akayamwagia maji hata makaa, akamkataza kila mtu kuvuta sigara karibu na nyumba. Baba mdogo alimwaga petroli, akafungua mikanda ya tangi, na mimi na yeye tukalibeba mpaka katikati ya ua. Tulipolitikisa halikutoa sauti. Baba mdogo akajaribu kuchungulia kwenye mdomo wa kujazia petroli, akaona giza tu, na taa haikuwezekana kuletwa.

Nikaingia ndani nikaleta kioo changu cha kujitazamia. Nikasimama juani, nikaelekeza mwanga kutoka kwenye kioo mpaka ukaingia ndani ya mdomo wa tangi. Ulicheza kwenye ukuta wa bati, ukashuka chini, ukapita, nikaurudisha. Kulikuwa na kitu kwenye kona. Cha kijivu, kimelala, kikubwa kama ngumi ya mtoto.

"Kipo," akasema baba mdogo, shavu lake limegusa tangi. "Mayu, kipo! Kimelala kama panya!"

Mama mkwe hakusogea. Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, mikono imefumbatwa mapajani.

Nikafunga ndoana kubwa ya sangara… hapana, sangara hatukuwa tukiwavua siku zile. Ilikuwa ndoana ya kambare, niliyokuja nayo kutoka Nansio pamoja na vitu vingine ambavyo mama yangu alidhani mjini havipatikani. Nikaifunga kwenye ncha ya waya mnene na kuiingiza. Baba mdogo alishika kioo. Mara ya kwanza ilikwaruza bati tu. Nikakumbuka mkono wa baba yangu, namna alivyoacha waya ulale kwanza kabla ya kuuvuta. Nikaulaza. Nikahisi ncha inashika kitu laini. Nikavuta polepole, kikafika kwenye mdomo, kikakwama, nikakizungusha, kikatoka chote kwa mkupuo mmoja na kuning'inia kwenye ndoana kikichuruzika.

Ilikuwa pamba. Donge la pamba lililofungwa ndani ya kipande cha nguo, nguo yenyewe imelegea upande mmoja na nyuzi za pamba zimetoka nje kama ndevu. Nikakiweka juu ya jani la mgomba, nikakikunjua kwa vidole. Chini ya uchafu, pindo la nguo lilikuwa bado linaonyesha rangi yake, nyekundu yenye vidoti vyeusi.

Nyuma yangu nikasikia kigoda kikianguka.

"Hiyo ni kanga yangu," mama mkwe akasema.

Alikuja akapiga magoti kando yangu. Akaligusa lile pindo kwa ncha ya kidole. Na hapo akakumbuka, na akatusimulia, sauti ikipanda na kushuka. Siku ya mazishi ua ulikuwa umejaa watu, na katika msongamano ule kifuniko cha tangi kilipotea. Mvua ilikuwa inakuja. Yeye alikuwa ndani, amekwishaanza eda, lakini aliliona kutoka dirishani lile lori la mumewe likiwa wazi mdomo, na hakuweza kuvumilia maji yaingie ndani yake. Jioni, watu walipopungua, alirarua kipande cha kanga yake, akakijaza pamba, akatoka upesi akauziba ule mdomo. Kisha akarudi ndani kulia, na hakufikiria tena jambo hilo.

Baba mdogo alikuwa ameshika kichwa. "Mayu, nilipoleta kifuniko kipya nilikuta mdomo uko wazi. Nilidhani hakuna aliyewahi kuuziba."

"Nami nilipoona kifuniko kipya nilidhani wewe ndiye uliyetoa kanga yangu."

Ilikuwa imezama wakati wa zile mvua, imelala ndani ikingojea lori litembee. Kila lilipopanda kilima petroli ilikwenda nyuma, na lile donge likaenda nayo, mpaka bomba likalivuta na kulibana.

Mama mkwe alianza kucheka. Alicheka mpaka akaketi kabisa chini kwenye udongo, akajifunika uso kwa upindo wa nguo, na mabega yakawa yanatikisika kwa namna ambayo sikujua tena kama ni kicheko. Nilimkumbatia. Aliniambia sikioni, "Hakunikasirikia. Unasikia? Hakunikasirikia hata kidogo. Ni mimi niliyemfunika asilowe."

Jioni ile alikula sahani mbili. Yule mfanyabiashara alipokuja kesho yake, mama mkwe alimkaribisha chai, akamwuliza habari za watoto wake, kisha akamwambia kwa upole kwamba lori lina kazi. Na yule fundi wa Igogo alipopata habari, alikuja mwenyewe kulitazama lile donge, akaligeuzageuza, akasema tangu leo hataamini tangi mpaka aingize mkono. Alitufungia tangi upya na kuliwekea wavu mdogo wa waya ndani ya mdomo. Tulilijaribu kwenye kilima cha Kisesa, baba mdogo akiendesha na mimi pembeni nimeshika dashibodi kwa mikono miwili. Lilipanda. Juu kabisa aligeuza, akashuka, akapanda tena, kwa raha tu.

Siku ya uhuru tuliwafuata wachezaji mapema. Walijaa nyuma mpaka wengine wakasimama, majembe yameinuliwa juu, njuga miguuni, na mjomba ameketi juu ya gunia katikati yao kama mfalme. Mama mkwe alikaa mbele, dirishani, katika gauni nililomshonea, na mimi nikabanwa kati yake na baba mdogo. Walianza kuimba tulipotoka Kisesa na hawakunyamaza njia nzima. Watu walitoka majumbani Igoma na Nyakato kutupungia mikono, watoto wakakimbia kando yetu, na vumbi la asubuhi likapanda nyuma yetu likiwa limejaa jua. Tulipokaribia mjini tuliyapita magari mengine yaliyojaa watu wenye bendera, na moja lilikuwa limesimama pembeni, boneti iko wazi, vijana wameinama juu yake. Baba mdogo alipunguza mwendo akawauliza kama wanahitaji msaada. Walikuwa wakibadili mkanda tu, wakatuambia twende, wanakuja.

Mtaa wetu ulikuwa umejaa watu barabarani. Yule jirani mwenye uso wa huruma alikuwepo, amesimama mlangoni kwake na kitambaa kipya kichwani. Nilidhani mama mkwe atageuza uso. Aligonga bega la baba mdogo asimamishe, akatoa kichwa dirishani.

"Shoga, unakwenda uwanjani kwa miguu? Panda nyuma, nafasi ipo."

Yule mwanamke alipandishwa kwa kuvutwa mikono na wacheza ngoma wawili, akaingizwa katikati ya majembe.

Uwanjani tulipata pa kuegesha kando ya uzio. Wachezaji walirukia chini, ngoma zikaanza kupigwa hapohapo kabla hawajaitwa, na watu wakafanya duara. Mimi nilipitisha mkono mbele ya mama mkwe nikafungua mlango ili tushuke. Hakutaka kushuka. Baba mdogo alinyoosha mkono kuzima injini, naye akamzuia.

"Ngoja kidogo, shemeji," akasema. "Liache lingurume kidogo."

Tukakaa watatu pale mbele. Injini ilikuwa ikinguruma taratibu, sawasawa, bila kukohoa, na kiti chote kilikuwa kikitetemeka chini yetu. Mbele yetu majembe yalipanda juu yote kwa pamoja, yakang'aa, yakashuka mikononi mwa wenyewe.